Gugumaji: Adui wa Mvuvi, Kitanda cha Ndege

Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni mzazi wa mjini na watoto wako wanadhani kwamba samaki huzaliwa akiwa tayari amekaangwa na kupangwa katika kabati la kioo la hoteli, nina ushauri kwako. Shule zikifungwa, jibane kidogo kwa matumizi, ukate tiketi za basi, uwapeleke Kisumu. Mwendo wa kilomita chache kutoka katikati ya mji huo kuna ufuo uitwao Dunga. Hapo utawaonyesha wavuvi wanaorudi kutoka kazini wakati wewe ndio kwanza unapiga mswaki. Utawaonyesha pia kinamasi cha mafunjo ambacho ndege wake huwavuta watu kutoka nchi za mbali, wakiwa na darubini shingoni.

Mimi nilikwenda huko wakati wa likizo ya Agosti pamoja na binti yangu wa miaka tisa, kifungua mimba wangu. Yeye alikwenda kuona ndege, kwa maana tangu ajiunge na chama cha wanyamapori shuleni kwao, nyumbani hatuna mazungumzo mengine. Mimi nilikwenda kumwamkua shangazi yangu, dada mdogo wa baba, na pia, nisikufiche, kuonana uso kwa uso na adui wa ukoo wetu. Adui huyo hana miguu wala meno. Ni mmea wenye ua la rangi ya zambarau, mzuri wa kutazamwa hata ukatamani kuutia katika chombo na kuuweka mezani. Jina lake ni gugumaji.

Nilirudi Nairobi nikiwa sijui kama bado nalichukia gugu hilo kama zamani. Hebu nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

MCHEZO WA NJIANI

Safari ya kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa barabara ni ya takriban kilomita 350, na mtoto wa miaka tisa huanza kuuliza "tumefika?" kabla basi halijapita Kikuyu. Ili kumtuliza binti yangu, nilibuni mchezo. Kila mmea ambao tungeuona kupitia dirishani, abahatishe kama ni mwenyeji au ni mgeni hapa nchini. Akipata, pointi ni yake. Akikosa, pointi ni yangu.

Alianza na mjakaranda uliokuwa kando ya barabara tulipokuwa tukitoka jijini. "Mwenyeji!" alisema bila kusita, kwani tangu azaliwe ameuona. Nikampa pole. Mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini. Tukaona mahindi, naye akaapa kwamba hayo ni yetu, maana bila mahindi hakuna ugali. Nikampa pole ya pili. Mahindi nayo yalivuka bahari kutoka Amerika. Tulipofika Naivasha alipata pointi yake ya kwanza kwa migunga yenye magome ya manjano, ambayo ni miti ya hapa hapa. Lakini furaha yake haikudumu. Mikaratusi ya Kericho, ambayo hukatwa ili itoe kuni za kukaushia majani chai, ilitoka Australia. Majani chai yenyewe ni ya Asia. Miwa tuliyoikuta tukiteremka kuelekea uwanda wa Kano ni ya Asia vilevile. Hata lantana, kile kichaka chenye vijiua vya rangi tofauti tofauti ambacho hutumiwa kuzungushia boma, kililetwa kutoka Amerika ili kiwe pambo. Ndege kama shore walivipenda vijitunda vyake vyeusi, wakavila, wakaenda kuziangusha mbegu kila mahali. Leo hii kimevamia misitu na malisho mengi.

"Baba," aliniuliza tulipofika Ahero, "kwa hivyo wenyeji ni sisi peke yetu?"

Abiria wa kiti cha mbele aliangua kicheko. Nilimwambia binti yangu kwamba swali hilo amwulize mwalimu wake, kwa kuwa mababu zetu Wajaluo nao waliteremka kutoka pande za Sudan.

Nilichotaka aelewe ni kwamba si kila mgeni ni mbaya. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mahindi tumepona kweli kweli. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tufanyeje ikiwa mgeni, baada ya kupewa jembe, ataanza kuchimbua misingi ya nyumba.

ZULIA JUU YA MAJI

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa tumeketi ndani ya mashua, majaketi ya kujiokolea yakiwa yamefungwa vizuri kifuani. Kijana aliyetuongoza alizaliwa papo hapo ufuoni. Huwajua ndege kwa majina ya Kijaluo, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na wale wasio na jina huwajua kwa tabia zao.

Kwanza alitupitisha kandokando ya mafunjo. Mafunjo ni yale matete marefu yenye vichwa kama nywele zilizotimka, ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Mmea huo ni mwenyeji, na una ndege wake. Kijana alizima injini, akatuamuru tunyamaze. Baada ya dakika chache alijitokeza ndege mweusi mwenye kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano. Ndege huyo hupenda mafunjo kiasi kwamba ukiyafyeka na kulima mboga mahali pake, naye anatoweka.

Kisha tukatoka upande wa maji wazi, na hapo ndipo nilipomwona adui yetu.

Kwa mbali ungedhani ni shamba la mtu. Ni zulia la kijani kibichi lililotandazwa juu ya ziwa, likipanda na kushuka taratibu kwa mawimbi yanayopita chini yake. Ukikaribia, unaona majani ya mviringo yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na vikonyo vilivyofura vilivyojaa hewa, ambavyo ndivyo huliwezesha gugu hilo kuelea. Maua yake yamesimama juu, na petali moja ya kila ua ina doa la manjano kama jicho. Kijana aling'oa shina moja ili tuone mizizi. Ilikuwa mirefu, myeusi na laini kama manyoya, na ndani yake mlikuwa na konokono, vidudu vya majini na kisamaki kimoja kilichokuwa kikirukaruka kwa hofu. Alikirudisha majini upesi.

Na ndege, msomaji! Yangeyange weupe walikuwa wamesimama kila mahali, wakinyemelea vyura. Mdiria mdogo mwenye rangi ya samawati na chungwa alikuwa amekaa juu ya kikonyo cha ua akichungulia maji. Palikuwa na korongo mweusi ambaye mdomo wake una mwanya katikati hata ukifungwa, kama koleo iliyopinda. Kijana alituambia kwamba mdomo huo umeumbwa kwa ajili ya kula konokono, na juu ya gugumaji konokono hawaishi.

Lakini aliyetuteka ni ndege mmoja wa ukubwa wa njiwa, mwenye mgongo wa hudhurungi, shingo nyeupe na paji la samawati. Vidole vyake ni virefu kupita kiasi, na kwa sababu hiyo uzito wake husambaa, akaweza kutembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama. Vitabu vya Kiswahili humwita sile-maua. Alikuwa na vifaranga watatu. Alipotushtukia alichuchumaa, akafungua mbawa kidogo, nao wakaingia chini yake. Kisha akasimama na kuondoka nao, miguu ya vifaranga ikining'inia chini ya mbawa zake kama kamba za viatu zisizofungwa.

"Mama yao ana nguvu!" binti yangu alinong'ona.

"Huyo ni baba," alisema kijana. "Kwa ndege hawa, mama akishataga huenda zake akatafuta mume mwingine. Baba ndiye anayelalia mayai na kulea watoto."

Binti yangu alinigeukia akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima nguo sokoni. Kisha akalitazama lile zulia la kijani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Baba, watu wasiling'oe hili gugu. Hapa ni kwao."

Sikuwa na la kumjibu wakati huo. Nilikuwa nikimkumbuka babu.

MWAKA WA 1998

Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, katika bonde la mto Amazon. Huko lina wadudu wanaolila, na hivyo halivuki mipaka yake. Katika karne ya 19 watu walianza kulibeba kutoka nchi hadi nchi kwa sababu moja tu, yaani uzuri wa ua lake. Walilitia katika vidimbwi vya bustani. Kutoka vidimbwini lilitorokea mitoni, na kutoka mitoni likaingia maziwani. Katika Ziwa Viktoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera, unaotiririka kutoka nyanda za juu za Rwanda na Burundi, ukawa unalileta kila siku.

Lilipofika halikukuta adui hata mmoja. Badala yake lilikuta chakula tele: maji machafu ya miji yetu, mbolea inayosombwa kutoka mashambani na udongo unaoletwa na mito wakati wa mvua. Mahali penye joto na shibe kama hiyo, gugumaji huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Kufikia Novemba mwaka wa 1998, katika Ghuba ya Winam peke yake, lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000, yaani zaidi ya ekari 40,000. Meli zilishindwa kufika bandarini Kisumu. Maji yaliyokuwa chini ya zulia yalikosa mwanga na hewa, na samaki wakafa au wakahama. Konokono wanaoeneza kichocho walipata makao mapya, nao viboko na nyoka wakapata maficho karibu na mahali ambapo akina mama huteka maji.

Mwaka huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa la pili, na tulikuwa tumekwenda mashambani kwa babu, kando ya ghuba hiyo hiyo. Babu alikuwa mvuvi. Alikuwa na mashua moja na nyavu alizokuwa amezinunua kwa mkopo, na kwa nyavu hizo alikuwa akimlipia shangazi karo ya kidato cha pili. Jioni moja aliondoka na wenzake wawili kwenda kutega kama kawaida. Usiku upepo ukageuka. Kulipokucha, ufuo wetu ulikuwa umefungwa na gugumaji kutoka pembe hii hadi pembe ile, na kwa mbali tuliiona mashua yake ikiwa imekwama katikati kama nzi aliyetua kwenye uji. Walikaa humo siku mbili. Nyanya alikuwa akisimama ufuoni mchana kutwa na kitambaa cheupe, akikipunga ili babu ajue kwamba tunamwona.

Babu alirudi salama. Nyavu hazikurudi. Zulia lile lilipohama lilizikokota pamoja na maboya yake, na hatukujua lilikozipeleka. Deni lilibaki, na muhula uliofuata shangazi hakurudi shuleni. Hakurudi tena kamwe.

Mimi mtoto wa miaka minane nakumbuka jambo jingine pia, na limekuwa likinitia haya. Nakumbuka kwamba siku zile mbili, wakati watu wazima walikuwa wakilia, niliyaona maua ya zambarau yamejaa ziwa zima, nikafikiri kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Ukombozi uliletwa na mdudu. Mwaka wa 1997 wataalamu wa utafiti wa kilimo hapa nchini walikuwa wameanza kuachilia ziwani aina mbili za fukusi wadogo ambao asili yao ni huko huko Amerika Kusini, na ambao chakula chao ni gugumaji. Mkubwa hukwaruza majani, naye mtoto wake hutoboa vikonyo, maji yakaingia, mmea ukalemewa na kuzama. Kufikia mwaka wa 2000 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa imefunguka. Wataalamu wamebishana kuhusu sifa hizo, wengine wakisema ni kazi ya wadudu, wengine wakitaja mawimbi na hali ya hewa ya mvua za El Nino. Lakini mbegu za gugumaji huweza kukaa matopeni miaka mingi zikingoja. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka wa 2006 lilirudi tena kwa kishindo, na tangu hapo limekuwa likija na kwenda kama mgeni mwenye ufunguo wake.

Usidhani kwamba kitendawili hiki ni cha Kisumu peke yake. Huko Baringo, mti wa mathenge uliletwa mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Nyuki huyapenda maua yake, na makaa yake ni mazuri. Lakini uliteka malisho, na maganda yake matamu yakawa yanaozesha meno ya mbuzi, hata mwaka wa 2006 wakazi wakaishtaki serikali na kumleta mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Huko Laikipia, mpungate wenye miiba umefunika sehemu kubwa za malisho. Ndovu na nyani huyala matunda yake kwa furaha, kisha huzipanda mbegu kwa kinyesi chao kila wanapopita, nao mifugo wanaoyala huumizwa na miiba yake midomoni na matumboni. Mnyama hana habari na historia ya mmea. Yeye hutazama tu kama kuna chakula na mahali pa kulala.

MEZA YA SHANGAZI

Shangazi anauza samaki wa kukaanga karibu na ufuo. Hajafikisha miaka 50 na hana hata mvi moja, kwa hivyo hucheka kila binti yangu anapomwita Nyanya, ingawa kwa desturi zetu ndiye nyanya yake hasa. Tulipotoka ziwani alitukaribisha kwa mbuta wa kukaanga, omena, ugali na osuga.

Binti yangu alikuwa bado hajausahau mchezo wetu wa njiani. Akaanza kuihoji sahani yake. Ugali tulikwisha kuujua. Nikamwambia kwamba mbuta naye ni mgeni. Aliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, na akawala samaki wadogo wengi wa asili hata aina nyingi zikatoweka kabisa. Sato wanaovuliwa zaidi siku hizi nao waliletwa, wakamsukuma kando ngege wa zamani. Mwishowe tulikubaliana kwamba wenyeji waliokuwa mezani ni omena na osuga tu.

"Na mbuta ndiye aliyejenga hii nyumba," shangazi aliongeza, akionyesha kwa kidole mabati yaliyokuwa juu yetu. "Kwa hiyo usimtukane."

Nilimwuliza kama gugumaji liliwahi kumfaa mtu yeyote wakati ule. Nilidhani atakasirika. Alifikiri kidogo, akasema kwamba mbuta walipopungua, kamongo na kambale waliongezeka. Samaki hao wawili huweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo hawasumbuliwi sana na maji mazito yaliyo chini ya zulia. Walikuwapo wavuvi waliokuwa na ndoana, si nyavu, ambao walipata riziki. "Baba hakuwa mmoja wao," alisema. "Lakini walikuwapo."

Ndipo binti yangu akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu asubuhi. "Nyanya, mkilimaliza gugumaji, wale ndege watalala wapi?"

Shangazi aliweka chini mwiko wake. "Mjukuu wangu, nilipokuwa mdogo kama wewe gugumaji lilikuwa halijafika hapa. Ndege wale walikuwapo. Nilikuwa nikiwaona juu ya yungiyungi, wakibeba watoto wao vile vile ulivyowaona leo. Gugumaji lilipokuja liliyafunika mayungiyungi, yakafa. Sasa mtu akikunyang'anya kitanda chako, kisha akakutandikia mkeka sakafuni, utamshukuru kwa ule mkeka?"

"La," alijibu binti yangu.

"Lakini utaulalia?"

"Nitaulalia."

"Basi ndivyo ilivyo kwa wale ndege. Na hata mimi." Akajigonga pale alipokuwa ameketi, na ndipo nilipogundua kwamba kiti chake kilikuwa kimesukwa kwa vikonyo vya gugumaji vilivyokaushwa. Mafundi wa Kisumu husuka viti, vikapu na kofia kwa vikonyo hivyo. "Lilinitoa kwenye dawati la shule," alisema. "Angalau sasa nimelikalia."

Alicheka, nasi tukacheka. Lakini baadaye, tulipokuwa tukiosha vyombo, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ametaka kuwa muuguzi, na kwamba kuna siku ambazo hukaa ufuoni alfajiri akiwatazama wale ndege, asijue kama anachokiona kinamfurahisha au kinamuuma.

UA KATIKA CHUPA

Jioni kabla ya kuondoka, shangazi alikuwa akinisaidia kufunga mizigo alipoikuta chupa ya maji ndani ya begi la binti yangu. Ilikuwa imekatwa sehemu ya juu. Ndani yake mlikuwa na maji ya ziwa na shina moja changa la gugumaji lenye ua lililochanua.

Mtoto hakuwa ameiba. Alieleza bila wasiwasi kwamba shuleni kwao kuna kidimbwi cha samaki, na kwamba alitaka kulipanda humo ili ndege wa kutembea juu ya majani wapate mahali pa kukaa Nairobi.

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimkemee, lakini shangazi alininyamazisha kwa mkono. Aliketi kitandani, akaiweka chupa ile mapajani pake, akalitazama lile ua kwa muda.

"Hakuna aliyelileta kwa ubaya," alimwambia. "Kila mtu aliyelibeba alilibeba hivi hivi unavyolibeba wewe, kwa sababu ni zuri. Kisha likafika kwa babu yako mkubwa."

Halafu akamsimulia habari ya nyavu. Alimsimulia habari ya dawati pia. Binti yangu hakujua kwamba shangazi hakumaliza shule. Mimi sikuwa nimewahi kumwambia. Walipomaliza, waliondoka pamoja, wakalitoa lile gugu chupani na kulianika juu ya jiwe mbali na maji. Asubuhi, wakati wa kwenda stendi, majani yake yalikuwa yamelegea na ua limesinyaa.

Basi, msomaji, naamini nini? Naamini kwamba gugumaji ling'olewe, na wale fukusi waendelee kuongezwa, na zaidi ya yote tuache kulilisha kwa uchafu wetu, kwa maana bila uchafu huo lisingenenepa hivyo. Naamini pia kwamba anayeling'oa afanye hivyo akiwa na macho. Kama ndani ya zulia mna kiota, kingoje kiangue. Na tunapoliondoa, tusiwaachie ndege maji matupu. Tuyaache mafunjo yasimame, tuyape mayungiyungi nafasi ya kurudi. Kuondoa mkeka bila kurudisha kitanda si haki.

Lakini hayo ni ya kichwani. Moyoni mambo hayakunyooka hivyo. Ningali namkumbuka Nyanya akipunga kitambaa cheupe, na ningali naiona miguu ya wale vifaranga ikining'inia chini ya mbawa za baba yao, na sioni njia ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Ukienda Dunga, nenda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali na kabla upepo haujaanza. Patana bei ya mashua kabla ya kupanda, na usikubali mtoto aingie bila jaketi la kujiokolea. Usiwaruhusu waogelee karibu na magugu, kwa sababu ya kichocho na viboko. Chukua darubini kama unaweza kuazima, na kofia. Kula samaki hapo hapo ufuoni, maana kila sahani ni karo ya mtoto wa mtu. Na tafadhali, usirudi na mmea wowote wa majini, hata ukiwa mzuri namna gani.

Sisi tulirudi na picha tu. Binti yangu aliichora ndani ya basi, mkono ukitikisika kila tulipopita shimo, na sasa imebandikwa ukutani sebuleni. Ni ndege wa hudhurungi mwenye vidole virefu, amesimama juu ya jani la kijani. Juzi nilimwuliza kama jani hilo ni la yungiyungi au la gugumaji, kwa kuwa hakuchora ua.

Alisema bado hajaamua.